Sarafu ya shaba imegeuka rangi: soma dalili kabla ya kushika ndimu

Njia ya haraka kabisa ya kuiharibu heller ya mwaka 1908, sarafu ya shaba ya enzi za Mjerumani, ni ndimu na chumvi. Unakata, unanyunyiza, unasugua kwa kidole gumba, na ndani ya dakika mbili sarafu iliyokuwa kahawia inatoka nyekundu, inang'aa, nyumba nzima inafurahi. Wiki chache baadaye inaanza kufifia kwa mabakamabaka. Kisha pembeni mwa maandishi panatokea vitone vya kijani ambavyo havikuwapo. Ndimu imeshaondoka zamani, lakini chumvi imebaki kwenye vinyweleo vya shaba na inaendelea na kazi.

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania sarafu hizi bado zinajitokeza kila mwaka. Zinatoka kwenye kuta za tofali mbichi nyumba ya ukoo inapobomolewa Iringa, kwenye sanduku la bati la marehemu babu Rungwe, kwenye jembe la mtu anayelima viazi Njombe, na kwenye meza za vitu chakavu sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ambako zimechanganywa na vitasa na funguo zisizo na makufuli. Na kila anayeipata huuliza swali lilelile: niisafishe au niiache?

Mimi hujibu kwa swali jingine. Sarafu hii imezeeka tu, au bado inaliwa? Iliyozeeka tu iache ilivyo, hata kama rangi yake haikupendezi. Inayoliwa ndiyo ya kushughulikia, tena leo. Sehemu kubwa ya maelezo haya ni namna ya kuzitofautisha hizo mbili.

Kabla ya yote, jua una nini mkononi

Hapo ndipo watu wengi wanapotumbukia. Wanasugua ili waweze kusoma mwaka, kumbe mwaka unasomeka bila kusugua. Ingia chumba chenye giza kidogo, weka sarafu juu ya kitambaa, washa tochi ya simu, uilaze mezani ili mwanga uje kwa ubavu, karibu sawa na uso wa sarafu. Izungushe sarafu polepole. Herufi ambazo mchana hazionekani zitatupa kivuli, moja moja, na kabla hujamaliza mzunguko utakuwa umesoma karibu kila kitu. Piga picha hapohapo, pande zote mbili.

Ukiona tai wa Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu ndani ya shada la majani, hiyo ni sarafu iliyoitwa pesa, ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwaka wake umeandikwa kwa Hijria: 1307, 1308 au 1309, yaani kati ya 1890 na 1892. Fikiria kidogo hapo: vita vya Lugalo, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipowapiga Wajerumani, vilikuwa Agosti 1891. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kuanzia 1904 hesabu ikabadilika, rupia moja ikawa heller 100, na ndipo zikaja heller za shaba zenye taji na herufi ndogo chini ya maandishi: A kwa zilizogongwa Berlin, J kwa za Hamburg. Ile ya heller 5 ya 1908 na 1909 ni kubwa kweli, milimita 37 na gramu 20, inajaza kiganja. Ya heller 1 ina gramu 4 tu. Ukikuta ya heller 20 ya 1916 yenye herufi T, umeshika kitu cha dhiki ya vita. Ziligongwa kwenye karakana ya reli karibu na Tabora wakati meli hazifiki, nyingine kwa shaba nyekundu na nyingine kwa shaba ya njano, na nyingi zimetoka zikiwa zimekaa upande au zimegongwa kwa pupa. Hizo kasoro usijaribu kuzinyoosha. Ndiyo sura yake.

Baada ya hapo ni senti za Waingereza zenye tundu katikati, 1, 5 na 10, zilizotumika tangu miaka ya 1920 hadi baada ya uhuru. Za 1936 zitazame mara mbili, kwa sababu baadhi ya za senti 5 na 10 zina jina la Edward VIII, mfalme ambaye hakumaliza hata mwaka mmoja kwenye kiti. Bei yake si ya kukimbilia benki, lakini ukilisugua jina hilo likafutika, umebaki na senti tupu. Na senti 5 yetu ya 1966, ile ya pembe kumi na mbili yenye samaki sulisuli na uso wa Mwalimu, nayo ni ya shaba. Ndururu. Wengi wanaidharau kwa kuwa wameitumia wenyewe.

Sasa twende kwenye dalili.

Ni ya kahawia au hudhurungi, rangi imeenea, haiachi kitu kidoleni

Haina ugonjwa. Shaba ikikaa hewani hujifunika utando mwembamba wa oksaidi, na utando huo ndio unaoizuia isiendelee kuliwa. Ukiutoa, umeivua ngozi. Anayenunua sarafu kwa kujua anatafuta ngozi hiyo, na akiona haipo anashusha bei au anairudisha mezani bila neno. Iache.

Ni nyeusi

Weusi wa aina mbili unafanana kwa macho. Mmoja ni masizi: sarafu ilikaa miaka juu ya dari la jiko la kuni, au karibu na koroboi. Mwingine ni shaba yenyewe iliyoungana na salfa. Kuutambua si kazi. Chovya kipamba cha sikio kwenye asetoni safi, gusa ukingo wa sarafu, usisugue. Kipamba kikitoka cheusi na chenye mafuta, ni masizi na grisi. Iloweke sarafu kwenye asetoni ndani ya glasi, saa kadhaa, badilisha asetoni ikichafuka, kisha iache ikauke yenyewe. Kipamba kikitoka cheupe, weusi huo ni sehemu ya sarafu na utaondoka tu ukiondoka na shaba. Basi.

Asetoni nunua kwenye duka la kemikali za maabara au la rangi. Dawa ya kutoa rangi ya kucha kwa kawaida imetiwa manukato na mafuta, itaacha utando mwingine. Kikombe cha plastiki kinaweza kuyeyuka. Na tafadhali, usifanye kazi hii ndani ya chumba chenye jiko la mkaa. Najua mwezi wa saba Makete hakuna anayetaka kukaa nje, lakini mvuke wa asetoni unatambaa chini na unashika moto kutoka mbali. Fanya barazani.

Ukiona mstari mweusi ulionyooka unaokatiza uso wa sarafu, mtu aliifunga na mpira, mpira wa noti au uliokatwa kwenye tyubu. Mpira una salfa. Mstari huo hautoki, na pengine utakueleza sarafu ilivyotunzwa: rundo lililofungwa pamoja, la juu na la chini zina mstari, za katikati hazina. Sufu nayo hutoa salfa, kwa hiyo sarafu iliyofichwa miaka ndani ya sweta au blanketi zito la baridi hutoka na weusi wa madoa. Toa kwenye sufu, usiguse weusi.

Ni ya kijani

Hapa tukae kidogo, kwa sababu kijani ndicho kinachowatia watu hofu, na kijani kipo cha namna tatu. Chukua kijiti cha meno, au ukipenda chonga kijiti cha mwanzi, huku Iringa mianzi ya ulanzi haikosekani. Kilowanishe kwanza kisiwe na makali. Kisha gusa.

Kijani cha kwanza ni kigumu, cha kukolea, laini, kimekaa juu ya herufi lakini herufi bado zinasomeka chini yake. Kijiti hakiondoi kitu. Hicho hujengeka polepole sarafu ikiwa ardhini, shaba inapoungana na hewa ukaa na maji ya udongo, na kimeshatulia. Pesa iliyotoka ardhini ikiwa na kijani cha namna hiyo ni nzuri kuliko iliyosuguliwa hadi ikabaki nyekundu. Iache hivyohivyo.

Kijani cha pili kinang'aa, kinanata, kinafuata kijiti kama ute. Mara nyingi kimekaa kwenye mabonde ya maandishi na kwenye ukingo. Jiulize sarafu ilikuwa ndani ya nini. Ile mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, albamu za bei nafuu zenye vifuko vinavyoonyesha, nyingi zimetengenezwa kwa PVC, na PVC ikizeeka hutoa asidi inayoishambulia shaba. Ngozi nayo inafanya hivyo: kikoba cha ngozi cha babu kilipendeza kiunoni kwake, lakini dawa za kulainishia ngozi na jasho si rafiki wa shaba. Na kuna wale waliopaka mafuta ili ing'ae. Mafuta ya alizeti yanaganda na kunata, ya nazi yana asidi yake ya asili, na yote mawili yakikutana na shaba kwa muda mrefu hutengeneza sabuni ya kijani. Wakati mwingine kinazunguka tundu tu, kwenye zile senti zilizotungwa kwenye kamba ya ngozi au waya.

Dawa ya kijani cha kunata ni ileile asetoni. Loweka, badilisha, loweka tena, na ute uliolainika uondoe kwa kijiti cha mti kikiwa kimelowa, ukifuata mistari ya herufi badala ya kukatiza. Sarafu ikishakauka utaona mahali ute ulipokuwa pameachwa vijishimo au doa la rangi tofauti. Hilo ni kovu, halitibiki. Ute umekwisha, hiyo ndiyo kazi iliyotakiwa. Kisha tupa ule mfuko, maana wapo wanaosafisha vizuri na kuirudisha sarafu kwenye mfuko uleule.

Kijani cha tatu ndicho cha kuogopa. Ni kijani hafifu, karibu na rangi ya jani changa la mgomba, na ni unga. Kinakaa kwa vitone, na kijiti kikikigusa kinamomonyoka na kuacha kishimo. Weka sarafu juu ya karatasi nyeupe, ifunike na glasi, iache wiki mbili tatu. Ukirudi ukakuta unga mpya umeanguka kwenye karatasi, sarafu inaliwa, na haitaacha yenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Chumvi, iwe ya udongo, ya jasho, au ya ile ndimu ya mwanzo, imeingiza kloridi ndani ya shaba. Maadamu ni pakavu, imelala. Unyevu wa hewa ukipanda, kloridi hiyo pamoja na oksijeni hutengeneza asidi, asidi inaila shaba, na kutokana na kuliwa huko inazaliwa kloridi nyingine. Duara halina mwisho. Wataalamu wa makumbusho hujitahidi kuweka shaba yenye ugonjwa huu kwenye hewa yenye unyevu wa chini ya asilimia 40 hivi. Sasa fikiria Tukuyu, miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, au Kyela chini kule ziwani kwenye joto na fukuto. Sarafu iliyokaa salama miaka mingi Usangu kwenye ukavu inaweza kuanza kutoa unga msimu mmoja baada ya kuhamishiwa Tukuyu. Mwenyewe anadhani imerogwa.

Mama mmoja wa huko alinionyesha pesa ya 1308 yenye vitone hivyo. "Mwanangu, nikiipiga na majivu kidogo si itapendeza?" Nikamwambia, mama, majivu yatatoa unga wa juu, yatakwangua na tai, na kilichoko chini ya unga kitabaki palepale. Alikuwa ameizoea njia hiyo kwa sufuria, na kwa sufuria ni njia nzuri.

Kinachofanyika nyumbani ni hiki. Kwanza itenge, unga wake usianguke juu ya nyingine. Chini ya mwanga mkali na lensi, ondoa unga wote kwa kijiti, kitone kwa kitone, hadi chini ya kishimo. Kisha iloweke kwenye maji yasiyo na madini. Dukani kwa vipuri vya magari wanayauza kama maji ya betri, ila hapa uwe macho: sema wazi unataka maji ya kuongezea, si asidi, maana kuna maduka yanaviita vyote viwili kwa jina hilohilo, na asidi itamaliza sarafu na vidole. Maji ya bomba yana klorini, hayafai. Maji ya mvua yanafaa kwa kushikilia, ukiyakinga kwenye bakuli safi uwanjani baada ya mvua kunyesha muda, bila kupitia bati. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu, kwa wiki kadhaa.

Ugonjwa ukiwa mkubwa, watu huweka kwenye maji hayo soda mbili, ile ya kuokea mandazi na ile ya kufulia, gramu 25 za kila moja kwa lita, na kuloweka wiki nyingi huku wakibadilisha. Mchanganyiko huo huvuta kloridi nje, lakini unaweza kubadili rangi ya sarafu, kuipa ubuluu, kwa hiyo ni dawa ya mgonjwa aliyezidiwa. Ukimaliza, loweka tena kwenye maji matupu kuondoa soda. Kuna atakayesema magadi si ndiyo hayohayo? Kweli, magadi ya ziwani kwa asili yake ni muungano wa soda hizo mbili, ila yanakuja na chumvi na udongo wake, na chumvi ndiyo adui tunayemfukuza. Tusimfungulie mlango wa nyuma.

Ukimaliza kuloweka, kausha kabisa. Tumbukiza kwenye asetoni dakika chache ivute maji yaliyobaki, iache hewani, kisha iweke juani nyuma ya kioo cha dirisha siku nzima. Usiikaushe juu ya mkaa, joto la mkaa linageuza rangi ya shaba. Halafu rudia lile jaribio la karatasi nyeupe. Unga ukitokea tena, rudi mwanzo. Makumbusho wana kemikali kali zaidi ya kuifunga kloridi, lakini ni sumu na si ya kufanyia kazi jikoni.

Ni ya pinki au inang'aa kupita umri wake

Imeshasafishwa. Shaba ya miaka mia moja na zaidi haiwezi kuwa nyekundu ya kung'aa uso mzima huku namba zake zimelika. Izungushe chini ya ile tochi: ukiona mistari myembamba mingi inayokwenda upande mmoja, ni majivu, mchanga au dawa ya meno. Ukiona uso umefifia bila mistari, una vinyweleo vidogo, ni asidi: ndimu, siki, ukwaju, soda ya chupa, kila mtu na mapishi yake.

Kama ni ya jana, bado kuna la kufanya. Isuuze kwa maji ya kuongezea betri, iloweke humo siku kadhaa ukibadilisha, ikaushe kama nilivyoeleza, ili chumvi isipate nafasi. Kama ni ya zamani, iweke tu mahali pakavu. Kahawia itarudi yenyewe kwa miaka. Wauzaji wengine hawasubiri, wanapaka dawa ya viatu na kuisugua kwa kitambaa mpaka ionekane nzee. Ukishuku, inuse. Kisha kipamba chenye asetoni kwenye ukingo: kikitoka na rangi ya kahawia na harufu ya duka la fundi viatu, umejibiwa.

Imefunikwa na udongo

Udongo mwekundu wa huku unaganda kama saruji, na ndani yake mna punje za mchanga ngumu kuliko shaba. Ukisugua ikiwa kavu, punje hizo zinachora. Loweka kwenye maji yasiyo na madini, siku moja, siku kumi, vyovyote itakavyohitaji, na acha udongo uanguke wenyewe. Kinachobaki kisukume kwa kijiti kilicholowa. Mswaki, hata laini, uache. Udongo ukikataa kabisa, na ukawa umekaa juu ya kijani kigumu, hapo simama. Kuna sarafu ambazo udongo na ngozi yake vimeshakuwa kitu kimoja, ukivuta kimoja kingine kinakuja.

Inanasa kwenye sumaku

Shaba hainasi. Sarafu ya rangi ya shaba ikinasa, au ikitoa kutu ya kahawia inayobanduka kwa magamba, ndani kuna chuma, na heller wala pesa hazikuwa za chuma. Ni nakala, au ni sarafu ya kisasa iliyopakwa shaba.

Hapa niseme na jambo moja la huku kwetu. Kuna watu wanaozunguka vijijini wakitafuta rupia na sarafu za Mjerumani "zinazovuta mchele", wakiahidi mamilioni. Shaba haivuti mchele, fedha haivuti mchele. Kabla ya kuondoka huwa wameikwangua sarafu kwa kisu ili "wapime dhahabu", na kovu hilo la kisu nimeliona kwenye sarafu nyingi nzuri kutoka Ileje mpaka Mufindi. Akija kwako, mwambie ashike kwa ukingo na atazame kwa macho.

Ina alama za vidole

Alama mpya hutoka kwa asetoni siku hiyohiyo. Iliyokaa miaka imeshachorwa na chumvi ya jasho, iache. Anayeshika sarafu ashike ukingo, juu ya kitambaa, na asizungumze akiwa ameiinamia, mate yanaacha madoa meusi madogo.

Ikishatulia, iweke wapi

Kwenye bahasha ndogo ya karatasi nyeupe kavu, kila sarafu peke yake, au kwenye kifuko cha plastiki ngumu isiyo na harufu. Plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafuni ni ile ya PVC. Bahasha ziingie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti vikizeeka havinyonyi tena, vibadilishe kabla ya mvua za Novemba. Kabati lililopakwa vanishi jana halifai, mvuke wake una asidi. Chumba cha jiko ndicho kisichofaa zaidi. Na usilitoe kopo kwenye chumba cha baridi ya Kitulo ukalifungua papo hapo karibu na moto: sarafu baridi ikikutana na hewa yenye joto inatoa jasho, na jasho hilo ni maji juu ya sarafu. Liache lifungwe mpaka lipate joto la chumba.

Kuipaka mafuta? Si lazima. Kama sehemu yako ina fukuto na huna vipakiti, tone moja la mafuta meupe ya cherehani, lipakwe kwa brashi laini na lifutwe karibu lote, halidhuru. Mafuta ya kupikia hapana.

Iliyotoka ardhini ina jambo lake la ziada. Tangu 1964 kuna Sheria ya Mambo ya Kale, na kuchimba kwenye maeneo ya kihistoria kunahitaji kibali, hata kama hadithi ya mali ya Mjerumani inasema shimo ni hapo chini ya mti. Iliyoibuka yenyewe kwenye jembe, hasa kama zimekuja nyingi pamoja au na vigae, usizitawanye kwa ndugu. Zipige picha zikiwa zilivyo, ukazionyeshe kwenye makumbusho ya Boma la Iringa au Kalenga. Mahali zilipokaa na zilivyopangwa kunawaeleza wataalamu mengi kuliko sarafu moja moja.

Mwisho wa kazi, andika juu ya kila bahasha: ilitoka wapi, kwa nani, lini, na ulichoifanyia, hata kama ni asetoni tu. Andika kwa penseli, na andika kabla ya kuingiza sarafu, kwa sababu ukiandika ikiwa ndani, ncha ya penseli inaichora kupitia karatasi.